SOMO: Kupasha joto gereji ya nyumbani wakati wa baridi (soma yote kabla ya kuuliza)

Wadau, tangu Novemba simu yangu haipumui. Kila anayetaka kubadilisha breki pedi mwenyewe ananiuliza lile lile: "Hita gani inafaa gerejini?" Nimejibu kwa sauti, nimejibu kwa maandishi, na Jumamosi moja nimejibu nikiwa harusini, sahani ya pilau mkononi. Sasa naandika mara moja, na mengine mtajisomea.

Niko Minnesota, kaskazini kidogo ya Minneapolis. Usiku wa kawaida wa Januari huku ni kama digrii 13 chini ya sifuri, na zipo siku inateremka hadi 30 chini. Gereji yangu ni ya magari mawili, kama mita 7 kwa 7, imeungana na nyumba. Sitafuti joto la Dar. Nataka digrii 10 tu, vidole vishike nati, oili imiminike, silikoni ya gasketi ikauke. Anayetaka kufunga shokomzoba akiwa na singlendi ahamie Arizona.

Hatua ya 1. Fagia theluji kwenye gari kabla halijaingia, hasa ile iliyoganda nyuma ya matairi. Usipofanya hivyo, joto lako litayeyusha barafu na wewe utalala kwenye dimbwi.

Hatua ya 2. Ziba upepo kwanza, hita baadaye. Usiku zima taa za gereji, mtu asimame nje na tochi amulike kuzunguka mlango mkubwa. Kila unapoona mwanga ukiwa ndani, hapo ndipo pesa yako ya umeme inatokea. Badilisha mpira wa chini ya mlango, weka mpira wa pembeni, piga silikoni madirishani. Ni kazi ya mchana mmoja.

Hatua ya 3. Mlango mkubwa. Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu.

Mlango wa gereji ni bati jembamba, upana wa mita karibu 5, na ndiko baridi nyingi inakopita. Dawa yake ni bodi za povu, zile nyeupe au za bluu, unazikata na kuzibana kwenye kila kipande cha mlango. Mimi nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, nikaona povu halipendezi, nikaongeza plywood ya milimita 6 juu yake, nikapaka na rangi. Nilijisifu wiki mbili. Sikupiga hesabu: mlango ule ulimeza plywood tatu na nusu, na kila moja ina kilo kama kumi. Mlango wa gereji haunyanyuliwi na mota, jamani. Unanyanyuliwa na springi kubwa iliyo juu yake, na springi ile ilifungwa kwa uzito wa mlango mtupu. Mota inasukuma tu. Asubuhi moja mota ililia kama blenda yenye mawe, meno ya gia yake ya plastiki yakaisha, mlango ukasimama katikati. Nami kwa akili zangu nikavuta ile kamba nyekundu ya kuachanisha mota, mlango ukiwa juu. Ulishuka wote kwa mkupuo na kutua juu ya boneti la Camry ya shemeji yangu, aliyekuwa ameileta abadilishiwe plagi tu. Boneti nililinunua mimi. Shemeji mpaka leo akinitembelea anaegesha barabarani.

Kwa hiyo:
– Povu peke yake. Hakuna plywood, hakuna mapambo.
– Kata kila bodi iishie ndani ya kipande chake, isivuke maungio. Mlango unapopanda unajikunja, na bodi iliyovuka itavunjika au itakwamisha.
– Ukimaliza, funga mlango, NDIPO uvute kamba nyekundu, kisha unyanyue kwa mkono hadi usawa wa kiuno na uachie taratibu. Ukitulia, uko sawa. Ukishuka, springi haiwezi tena, na usiiguse. Ile springi imekazwa kiasi cha kuvunja mkono. Mwite fundi wa milango.
– Povu tupu linashika moto haraka na moshi wake ni mweusi na mbaya. Kuna aina zenye kibali cha kuachwa wazi, soma maandishi yake. Hita ikae mbali nalo.

Hatua ya 4. Hita. Yangu ni ya umeme, wati 5000, volti 240, imening'inia darini kwenye kona. Inavuta ampea karibu 21, kwa hiyo ina laini yake peke yake: sakiti breka ya ampea 30 na waya wa geji 10, imefungwa na fundi umeme mwenye leseni. Nikiiwasha saa nne ni uniti 20, na kwangu uniti moja ni kama senti 15, yaani dola tatu kwa kazi nzima ya breki. Ile ndogo ya wati 1500 ya kuchomeka kwenye soketi ya kawaida inapasha miguu tu. Hata hiyo usiiunge na ekstensheni.

Hita yoyote yenye moto au waya unaowaka isikae sakafuni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama maji, na petroli inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi hii yetu. Ndiyo maana kanuni za ujenzi huku zinataka vifaa vyenye cheche gerejini viinuliwe angalau inchi 18. Ukigusa tanki, pampu au mpira wa mafuta: zima hita, fungua mlango, vumilia baridi.

Weka king'ora cha kaboni monoksaidi, hata kama hita ni ya umeme, kwa sababu gari lenyewe linatoa sumu hiyo. Usiwashe injini ndani "dakika moja tu", hata mlango ukiwa wazi.

Hatua ya 5. Sakafu. Zege linanyonya joto la mgongo. Kipande cha povu na plywood juu yake (ile niliyoing'oa mlangoni imepata kazi).

Hatua ya 6. Washa hita saa moja na nusu kabla. Hewa inapata joto upesi, lakini chuma cha gari hakina haraka.

MASWALI

Kijana wa Columbus: Mkuu somo refu. Kwa kifupi, ninunue hita gani?

Jibu: Hatua ya 4.

Mpole_Mkali: Gereji yangu haina 240. Siwezi kuweka jiko la mkaa pembeni, mlango nikauacha wazi kidogo? Nyumbani Makete tulikuwa tunaota hivyo.

Jibu: Hapana. Kila msimu wa baridi kule nyumbani tunasikia watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke, nawe unataka kulileta kwenye chumba chenye petroli. Hapana.

Mpole_Mkali: Nimeuliza tu kaka, usinijie juu.

Jibu: Sikuji juu. Vaa soksi mbili.

Mama Junior: Asante kwa somo. Mimi natumia hita ya gesi ya mtungi, ile ya wazi isiyo na bomba la moshi. Inapasha vizuri, lakini madirisha yanatoa jasho, na spana zangu zimeanza kutu. Paa halivuji. Maji yanatoka wapi?

Jibu: Dada, swali zuri sana hili. Maji yanatoka kwenye gesi yenyewe. Gesi ya propani ikiungua, haidrojeni iliyomo inaungana na oksijeni ya hewa na kuwa mvuke wa maji. Kilo moja ya gesi inazaa kilo 1.6 hivi za maji. Mvuke huo unazunguka ukitafuta kitu baridi ujishike: kioo, diski za breki, spana zako. Hita ya mafuta ya taa isiyo na bomba ni hivyo hivyo. Na kama haina bomba la kutoa maji nje, jua haina pia la kutoa sumu. Ukiwa bado unaitumia, acha dirisha wazi kidogo, hakikisha king'ora kinafanya kazi, na kichwa kikianza kuuma toka nje papo hapo, usisubiri umalize nati. Spana zipake oili kidogo na uzilaze ndani ya nyumba. Mkono nao utashukuru asubuhi.

Chuma Chakavu: Mnatisha watu. Nimetumia gesi miaka mitano, sijafa.

Jibu: Waliokufa hawachangii hapa. Na nitaongeza la kwako: dawa ya kusafishia breki yenye klorini ikikutana na moto au waya mwekundu inaweza kutoa fosjini, gesi waliyouana nayo Vita vya Kwanza vya Dunia. Endelea kupuliza.

Dereva wa Masafa: Vipi zile hita za dizeli za kwenye malori? Nimelala na moja miaka minne, Dakota hadi Montana.

Jibu: Mkuu, hiyo ni nzuri, maana moto wake umefungiwa na moshi unatoka kwa bomba lake. Mambo matatu. Bomba la moshi lipite ukutani ndani ya bomba jingine la chuma lililo pana zaidi, kwa sababu linapata moto sana na mbao haitasamehe. Hewa ya kuunguzia iivute kutoka nje, isivute mvuke wa petroli wa gereji. Na kaza vibano vyote, king'ora kiwe karibu. Betri iwe na nguvu, inapowaka inavuta umeme mwingi.

Dereva wa Masafa: Nami niongeze: silikoni ya gasketi iweke mfuko wa ndani wa koti nusu saa kabla ya kuitumia. Ikiwa baridi haitoki kwenye tyubu, utaikamua mpaka ipasuke mgongoni.

Jibu: Hii naichukua.

Mzee wa Toronto: Vijana, nina friji gerejini. Nje ni kumi na tano chini, gereji digrii mbili, lakini nyama ya mbuzi ya juu kwenye friza imelainika! Mke wangu anasema nimenunua friji bovu.

Jibu: Shikamoo mzee. Friji ni zima. Kipimajoto chake kiko upande wa chini, kinaona digrii mbili, kinadhani kazi imekwisha, kompresa hailii. Friza nayo inamtegemea huyo huyo. Pasha gereji ifike kumi na friza itaganda. Najua inachekesha.

Mzee wa Toronto: Marahaba. Nimemsomea. Anasema wewe ndiye umenunua friji bovu.