Ukungu ukutani: tafuta maji kabla ya kununua rangi

Masika yakikolea, kuta nyingi za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa huota madoa meusi, na wenye nyumba hukimbilia ndoo ya rangi. Ni hasara tupu. Ukungu hula chini ya rangi, rangi inavimba na kubanduka. Waliomo ndani wanaendelea kukohoa, na wenye pumu, hasa watoto, hubanwa kifua usiku. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya madhara haya mwaka 2009.

Anza kwa kipimo rahisi. Kausha ukuta kwa kitambaa, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 40 kwa 40, ziba kingo zote kwa solotepu, uache siku mbili. Matone yakiwa upande unaogusa ukuta, maji yamo ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke: jiko, nguo zinazoanikwa ndani, madirisha yasiyofunguliwa. Hapo fungua madirisha ya pande mbili hewa ipite, na sogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani.

Unyevu unaoanzia sakafuni na kuacha chumvi nyeupe kama unga unapanda kutoka ardhini. Ondoa udongo ulioegemea ukuta kwa nje mpaka uwe sentimita 15 chini ya sakafu, kisha chimba mtaro wa kupeleka maji ya mvua mbali. Doa likiwa juu, kagua bati, gata na mabomba. Nyumba za mawe na chokaa, kama za Lamu na Mji Mkongwe, zisipigwe lipu ya saruji kabisa: hufungia maji ndani na mawe huanza kumung'unyika. Tumia chokaa.

Chanzo kikishakatwa, ndipo usafishe. Vaa glavu, miwani na barakoa ya N95. Mwenye pumu asiwepo. Usikwangue pakavu, vumbi lake ndilo linaloingia kifuani. Lowesha kwa maji ya sabuni, sugua, futa, washa feni ikielekea dirishani. Kwenye vigae unaweza kutumia jiki, kikombe kimoja kwa lita 4 za maji, lakini usiichanganye na siki wala dawa ya choo: hutoa gesi ya sumu. Kwenye lipu jiki hufuta rangi ya doa tu, ukungu wa ndani hubaki. Lipu iliyolegea ibomolewe, godoro lililoota ukungu litupwe.

Lipu mpya iachwe ikauke wiki 4 kabla ya kupakwa rangi.