Kutoka Kisumu hadi Pwani kwa treni: panga maungio kwanza

Mtu wa Kisumu au Nakuru anayetaka kufika Mombasa kwa reli hana treni moja ya kumfikisha. Ana reli mbili zisizokutana: ile ya zamani yenye upana wa mita moja, iliyofika ziwani mwaka 1901, na SGR, yaani reli mpya ya kisasa yenye upana mkubwa zaidi, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Behewa la moja haliwezi kutembea juu ya nyingine. Kwa hiyo safari hii huharibikia pale unaposhuka treni moja ili upande nyingine, na hapo ndipo pa kuanzia kupanga, kabla hata ya kufikiria begi.

Hakikisha kwanza kama treni ya Kisumu inatembea wiki unayotaka. Iliporejeshwa Desemba 2021, utaratibu ulikuwa itoke Nairobi Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni, ifike Kisumu asubuhi ya Jumamosi, kisha irudi Jumapili jioni. Msimu wa sikukuu huongezwa safari. Lakini reli hii ni ya zamani na inapita kwenye miteremko, na mvua za masika haziionei huruma. Aprili 2024 maji yalibomoa tuta la reli hiyo eneo la Kijabe, juu ya Mai Mahiu, na watu wengi wakapoteza maisha. Ukipanga safari ya Aprili au Mei, uwe na mpango wa basi mkononi. Piga simu steshoni au uulize dirishani. Usitegemee picha ya ratiba iliyosambazwa kwenye kundi la familia, maana huenda ni ya mwaka juzi.

Sasa maungio yenyewe. Treni ya Jumapili jioni inakufikisha Nairobi Jumatatu asubuhi, katikati ya mji. SGR haiondokei hapo. Inaondokea Syokimau, mwendo wa kilomita kama ishirini. Kuna treni ya abiria wa mjini inayounganisha steshoni hizo mbili, nayo ndiyo njia ya busara, kwa sababu msongamano wa Barabara ya Mombasa asubuhi ya Jumatatu haujali una tikiti ya saa ngapi. Kwenye karatasi unaweza kuiwahi SGR ya saa mbili asubuhi. Mimi nasema usijaribu. Treni ya usiku ikichelewa saa moja tu, umekwisha, na hata isipochelewa bado kuna ukaguzi Syokimau: mizigo inapangwa chini inuswe na mbwa, kisha mashine, kisha kitambulisho kilinganishwe na tikiti. Ukaguzi huo unataka saa nzima.

Baki na chaguo mbili. Ya kwanza ni treni ya saa tisa alasiri, inayokupa muda wa kuoga kwa jamaa, kula na kufika Syokimau bila kukimbia. Ubaya wake ni kwamba giza litakukuta Tsavo na utaingia Mombasa usiku, hujaona mnazi hata mmoja. Ya pili ni kulala Nairobi na kupanda ile ya saa mbili asubuhi siku inayofuata, inayosimama Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na Mariakani. Ni ya polepole kidogo, lakini kama unasafiri ili uone nchi, hii ndiyo treni yako. Keti upande wa kulia ukielekea Mombasa ikiwa unatamani Kilimanjaro, anga ikikubali; Tsavo Mashariki iko kushoto, na ndovu wake wamejaa vumbi jekundu. Treni ya saa nne usiku ni ya mwenye haraka au mwenye usingizi.

Tikiti za SGR hulipiwa kwa Mpesa na hununuliwa mapema mtandaoni au kwa kupiga *639#. Tangu Januari 2024 nauli ya Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Desemba, Pasaka na likizo za shule viti huisha upesi, basi nunua ya SGR kwanza, ndipo utafute ya Kisumu. Mguu wa Kisumu hadi Nairobi una mabasi usiku na mchana, wala hutakwama. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Watu wa Nakuru wana hesabu yao. Treni ya Kisumu huwapitia usiku wa manane, na kukesha steshoni kwa ajili ya saa chache za kusinzia hakuna faida. Matatu ya asubuhi hadi Nairobi inatosha kabisa kuiwahi ya saa tisa.

Kuhusu baridi, watu wa Kisumu hudanganywa na joto la kwao. Unapanda treni umevaa fulana, miwa ya Kibos ikipita dirishani kwenye mwanga wa mwisho, halafu usiku reli inapanda hadi Londiani na Molo, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Utalala ukiwa umeketi. Beba shuka nzito, soksi, na pawabanki iliyojaa. Nguo nyepesi ziweke chini ya begi, zitahitajika Pwani. Chakula kiwe kikavu: viazi vitamu, mayai, njugu. Najua kuna shangazi atakayekufungia mbuta, samaki wa ziwani, wa kukaanga uwapelekee wa Mombasa, watu wanaoishi kando ya bahari. Mfunge vizuri sana, au umwachie shangazi.

Kituo cha Mombasa kiko Miritini, bara, si kisiwani. Anayekwenda mjini au Nyali atapata matatu nje. Anayekwenda Diani asikubali kupelekwa Likoni kwenye foleni ya feri kabla ya kuuliza bei ya kupitia Dongo Kundu. Barabara hiyo inaanzia upande wa Miritini na inavuka hadi Kwale bila feri.

Kurudi ni rahisi zaidi. Toka Mombasa Ijumaa saa mbili asubuhi, utafika Syokimau alasiri mapema, uvuke hadi steshoni ya mjini, na treni ya Kisumu ikiwa kwenye ratiba yake ya kawaida, itakuwa bado haijaondoka.