Ukialikwa ngoma ya kibuki, weka simu mfukoni

Jamani kwa wale mnaopenda mambo ya masheitani na uganga na mnataka kujuana na wenyewe, tafuta kwanza mtu wa kilingeni, yaani pale waganga wanapofanyia kazi zao, akupeleke, usijitokeze tu mlangoni unarekodi, mie nlifanya hivo mara ya kwanza hapa mjini bibi mmoja akanifunika simu kwa kanga yake wala hakusema kitu, nikajua nshaharibu.

Kibuki ni masheitani wa Bukini, yaani Madagaska, ngoma yao ina garimoni, kile kinanda cha kuvuta, na wenyewe wanataka brandi na asali, kwa hivo usishangae kumuona mama unaemjua hagusi ulevi mwaka mzima siku hiyo kashika gilasi. Hapo ndo wengi wanakosea, wanamwita kwa jina lake. Usimwite! Sheitani keshapanda, huyo ni mgeni, muulize fundi, yaani mganga anaeongoza ngoma, anaitwaje umsalimie hivo. Mie huchukua udi kidogo na marashi ya mawaridi, si ghali na watu wanakumbuka.

Kujuana kwenyewe lakini hakuwi kwenye ngoma, makelele mno. Subiri itulie, chai ikija jisogeze kwa wale bibi wanaokaa uani, shikamoo zako mkononi, ndo utasikia habari za rubamba, masheitani wa Pemba, na nani anaandika kombe, yale maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji mgonjwa akanywa, kwa zafarani halisi maana siku hizi wengine ni rangi ya biriani tu. Na akitokea mtu kukutajia bei ya uganga usiku uleule mwambie ntarudi kesho, mchana, na mwenzangu.