Mtu wenu wa sukari au presha akifia ndani (seli ya polisi au jela), fanyeni hivi kabla ya kuzika

Hii ni ya Kenya. Mkiambiwa "alikuwa mgonjwa, amekufa na ugonjwa wake", msikubali iishie hapo, kwa sababu swali si kama alikuwa na sukari, swali ni kama alipewa insulini yake, nani alimnyima, na alianza kutapika saa ngapi na nani aliitwa.

Kwanza msizike. Najua sisi watu wa Pwani tunaharakisha maiti, lakini ombeni postmotem (maiti ipasuliwe ijulikane kilichomuua), na daktari wenu awepo mle ndani, si kusubiri karatasi tu. IMLU, shirika huru la madaktari na wanasheria, huwa wanasaidia familia kupata huyo daktari. Piga picha mwili wote, hata nyayo, na msisaini kitu hamjasoma.

Halafu karatasi: kadi ya kliniki, risiti za dawa, na namba ya OB (kitabu cha polisi cha matukio) ya siku mlipopeleka dawa stesheni (kama bado mtu wenu yuko hai huko ndani, dawa ziandikwe OB leo leo, na hakimu aambiwe kotini, wazi, iingie kwa rekodi).

Alifia mikononi mwa polisi? Nendeni IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi. Jela ni tofauti, IPOA haihusiki, nendeni KNCHR, tume ya haki za binadamu. Kote kuwili kifungu cha 387 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinataka hakimu achunguze hicho kifo, kwa hivyo wakili aulize faili ya huo uchunguzi (inkwesti) iko wapi, aulize kwa barua, abaki na kopi iliyogongwa muhuri.