Namna ya Kuchunguza Historia ya Msikiti wa Kale Uliopakana na Makaburi: Mfano wa Java

Anayetaka kuandika historia ya msikiti wa kale, uwe hapa Iringa au ng'ambo, asianze na kuta. Aanzie makaburini, kwa sababu mbao hubadilishwa na paa huezekwa upya, ilhali jiwe la kaburi hubaki na tarehe iliyochongwa. Sisi tunaofika Kalenga kulitazama fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954, tunajua jinsi mabaki ya marehemu yanavyobeba kumbukumbu ya watu wote.

Tuchukue msikiti wa Kudus, kaskazini mwa kisiwa cha Java nchini Indonesia, ambao nyuma yake amezikwa Sunan Kudus, mmoja wa mawalii tisa wanaosifiwa kwa kuueneza Uislamu kisiwani humo. Mnara wake wa matofali mekundu umejengwa kwa umbo la mahekalu ya Kihindu, na mgeni anaweza kudhani kwamba ni hekalu lililogeuzwa. Lakini juu ya mihrabu lipo jiwe lenye mwaka 956 wa Hijria. Punguza asilimia tatu, upate takriban 927, kisha ongeza 622: ndio mwaka 1549.

Hapo kwenye tarehe ndipo wengi hukosea, nami nasihi mtu asiharakishe. Mawe ya kale ya Java, kama yale ya makaburi ya Waislamu ya Troloyo, yana miaka ya Saka, yaani kalenda ya kale yenye asili ya Kihindi, ambayo huongezewa 78 ili kupata mwaka wa Miladi. Hata hivyo, mwaka 1633 Sultan Agung, mtawala wa dola ya Mataram kisiwani Java, aliamuru miaka ihesabiwe kwa mwezi mwandamo huku hesabu ya Saka ikiendelea kutoka 1555, kwa hiyo tarehe za baada ya hapo hupunguzwa 512 kwanza ili kupata Hijria.

Ukishazinakili tarehe, mtafute mtunza makaburi, ambaye Wajava humwita juru kunci, yaani mshika funguo. Mwamkie, mwombe ruhusa kabla ya kupiga picha, kisha msikilize bila kumkatiza. Huko Demak, mji mwingine wa Java, utasimuliwa kwamba Sunan Kalijaga, naye mmoja wa wale mawalii tisa, aliunda moja ya nguzo kuu nne za msikiti kwa vipande vya mbao vilivyofungwa pamoja. Andika masimulizi hayo kwa ukamilifu na kwa heshima, lakini yaweke katika ukurasa wake, mbali na tarehe ulizozisoma kwenye mawe.