Printa ya kubeba: uliza wino kabla ya uzito

Jamani, mkitafuta printa ya kubeba pamoja na laptopu, msivutiwe na wepesi peke yake. Zile nyepesi kabisa, za nusu kilo hivi, hazina wino: huchapa kwa joto kwenye karatasi maalumu. Kwa risiti zinafaa sana. Lakini maandishi yake huharibika kwa jua na joto, na joto letu la Mombasa mwalijua. Mkataba wa nyumba usiuchape hivyo hata kidogo! Za wino, kama Canon TR150, zina takriban kilo 2 bila betri, nayo betri mara nyingi huuzwa kando. Kabla hujalipa, pita maduka ya Moi Avenue uulize kama katriji yake ya wino hupatikana, na kwa bei gani.