Rangi na Maandishi ya Kiberenge cha Zamani: Soma Chuma Kabla ya Kununua Mkebe

Viberenge vingi vya zamani, yaani vigari vidogo vya kutunza njia ya reli, huharibiwa dukani, siku mtu anaponunua mikebe miwili ya manjano kabla hajakwaruza hata kona moja ya bodi. Macho yamezoea kuona mitambo ya njia ikiwa ya manjano, basi kila toroli la gangi, lile kundi la wafanyakazi wa njia, hudhaniwa lilikuwa hivyo tangu liundwe. Pengine lilikuwa, pengine halikuwa. Jibu limelala kwenye chuma chenyewe, na ukishapitisha grainda limekwenda na vumbi.

Maelezo haya yanahusu viberenge vya injini, matoroli ya kusukuma na vigari vya vifaa vilivyotunza reli ya upana wa mita moja kutoka Nakuru hadi Kisumu na Butere, na upande wa Eldoret. Kabla ya kugusa chochote, pata barua ya mwenye chombo. Kukutwa barabarani na chuma cha reli bila karatasi ni kujitafutia kesi.

Herufi ndizo kalenda

Anza na herufi za mwenye mali, kwa sababu zinakupa miaka. U.R. ni Uganda Railway, reli iliyofika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu, wakati huo Port Florence, mwaka 1901. Mwaka 1926 jina likawa la Kenya na Uganda, herufi zikawa K.U.R. Mwaka 1948 reli hiyo iliunganishwa na ya Tanganyika, ikawa E.A.R.&H., yaani East African Railways and Harbours, ile H ikiwa ya bandari. Mwaka 1969 bandari zilipewa shirika lake, H ikaondoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Kenya ikabaki na reli yake: K.R., Kenya Railways.

Herufi hukuambia tabaka hilo halikupakwa kabla ya mwaka fulani. Hazikuambii lilipakwa upya lini, maana karakana haikukimbilia kufuta jina la zamani kwenye toroli la mnyapara siku shirika lilipobadilika. Chombo kimoja chaweza kuwa na majina matatu, moja juu ya jingine. Chagua kipindi kimoja ushikamane nacho. Herufi za K.U.R. zikiandikwa juu ya rangi ya tabaka la K.R., hicho ni chombo ambacho hakijawahi kuwapo duniani.

Kusoma matabaka

Tafuta mahali jua na mvua hazikufika: ndani ya sanduku la vifaa, chini ya kiti, nyuma ya kibati cha namba, kwenye pembe za fremu chini ya mbao. Pima sehemu nne au zaidi. Sehemu moja hudanganya, hasa ikiwa kipande kilitolewa chombo kingine.

Loweka msasa wa maji namba 400, usugue kwa mduara mdogo ukibonyeza katikati zaidi ya kando, mpaka chuma kionekane kama shilingi. Badilisha kwa 800, kisha 1200, ukipanua mduara ufike upana wa sentimita 5 hivi. Ukimaliza utaona pete, kama za kisiki cha mti, kila pete tabaka moja. Hesabu kutoka kwenye chuma kwenda nje: praima (rangi ya kwanza inayoshika chuma), andakoti (rangi ya kati), rangi yenyewe, kisha safari nyingine ya praima.

Hapa ndipo wengi hupotea. Si kila pete ilikuwa rangi ya kuonekana. Tumia lenzi ya kukuza mara 10 uangalie mpaka kati ya pete na pete. Kukiwa na mstari mwembamba wa uchafu au masizi, tabaka la chini yake lilikaa nje miaka likila vumbi. Hiyo ndiyo rangi watu waliyoiona. Mpaka ukiwa safi, la chini lilikuwa andakoti lililofunikwa baada ya siku moja au mbili. Kijivu safi kilichobanwa kati ya praima na hudhurungi hakikuwahi kuwa rangi ya kiberenge, ingawa kijivu hicho kimewadanganya wengi.

Rangi kavu hupauka. Dondoshea tone la maji au vanishi isiyo na rangi uone kina chake cha kweli. Tena, rangi ya mafuta iliyokaa gizani miaka mingi hugeuka umanjano, kwa hiyo krimu ya ndani ya sanduku huonekana kama siagi. Wacha sehemu uliyofungua ipate mwanga wa mchana kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuilinganisha na chochote.

Picha za zamani zisizo za rangi zina mtego wake. Filamu za mwanzo hazikuona rangi nyekundu, kwa hiyo nyekundu na hudhurungi hutoka nyeusi tititi, na manjano hutoka nzito kuliko ilivyokuwa. Tumia picha kutafuta mahali pa herufi na mistari, usiitumie kuamua rangi.

Risasi

Praima nyekundu ya zamani mara nyingi ilikuwa na madini ya risasi, na manjano kali ya enzi hizo pia. Chukulia kwamba ipo. Sugua kwa maji tu. Usitumie grainda kavu, wala moto wa gesi kubabua rangi, maana moshi wake ni sumu kuliko vumbi. Kitambaa puani hakisaidii. Vaa barakoa ya kichujio cha P3. Matope ya msasa yakusanye kwenye mkebe wenye kifuniko, usiyamwage mtaroni, kwani mtaro wa Kisumu unajulikana unakoishia. Nguo za kazi zisifike nyumbani penye watoto.

Kuvuna maandishi yaliyofunikwa

Subiri giza. Zima taa, shika tochi ubavuni mwa bati, mwanga uteleze juu ya uso badala ya kuupiga moja kwa moja. Herufi iliyopakwa kwa brashi huacha ukingo, na ukingo huo huonekana hata chini ya mikono mitatu ya rangi. Bandika karatasi ya kalki, ile nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake, chora kwa penseli laini, na uandike umbali kutoka ukingo wa bati hadi mguu wa herufi kwa milimita.

Mbali na herufi za mwenye mali, tafuta namba ya chombo, stesheni au sehemu ya njia kilikopangiwa, uzani wake, mzigo wa mwisho, na tarehe ya ukaguzi. Uzani wa zamani huandikwa kwa tani, handredweti na kwata, kwa mfano 0-11-2. Handredweti moja ni kilo 50.8 na kwata ni robo yake, hivyo mfano huo ni kilo 584. Usiubadilishe kuwa kilo kwenye bati ikiwa kipindi ulichochagua kilitumia tani za Kiingereza.

Kulinganisha

Simu haifai kulinganishia rangi, kioo chake kina rangi zake. Tafuta kadi za rangi za kiwango cha Uingereza cha BS 381C, kwa sababu reli hizi zilijengwa na kununua vifaa kwa mkondo huo. Weka kadi kando ya tabaka lililoloweshwa, kivulini, saa nne au saa tano asubuhi. Namba za kuanzia ni 541 kwa hudhurungi nzito ya zambarau, 540 kwa nyekundu iliyoiva, 537 kwa nyekundu ya ishara na 356 kwa manjano ya dhahabu. Ni za kuanzia tu. Tabaka lako ndilo lenye neno.

Injini za mvuke zilizoko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, zinavutia na hudhurungi yake ni ya E.A.R., lakini injini haikupakwa mkebe mmoja na toroli la gangi. Vilevile kiberenge cha Wickham kutoka Ware, Uingereza, au cha Fairmont kutoka Minnesota, Marekani, kinaweza kuwa na rangi ya kiwanda chini kabisa, kabla reli haijaweka yake. Kibati cha shaba chenye namba ya kiwanda kisafishwe kwa kitambaa na sabuni, kisipakwe rangi.

Maduka ya rangi za magari Nakuru na Kisumu yanaweza kukuchanganyia ukiwapelekea kadi. Sema wazi unataka rangi ya mafuta. Ukipewa ya selulosi, ile ya kukauka haraka ya magari, tina yake, yaani kiyeyusho, itaingia kwenye tabaka la zamani uliloliacha na uso wote utakunjamana kama ngozi ya maziwa. Hapo hakuna dawa ila kuondoa yote. Omba pia mng'ao wa kati. Mng'ao wa matatu mpya hauendi na chombo cha 1950.

Kupaka

Kiberenge kidogo chenye kibanda wazi kina karibu mita za mraba 15 za kupaka. Praima ya zinki fosfeti, mikono miwili kwa mita 8 kwa lita, inataka lita 4. Andakoti mkono mmoja, lita 2. Rangi ya juu mikono miwili kwa mita 10 kwa lita, lita 3. Nunua mkebe wa 4 ubakize ya marekebisho. Maandishi yote hayamalizi robo lita.

Kutu ing'olewe kwa brashi ya waya kwa mkono hadi chuma kigumu, lakini rangi ya zamani iliyoshika isitolewe. Lainisha kingo zake tu kwa msasa 240. Mbao za mvule zina mafuta yanayozuia rangi kukauka: futa kwa kitambaa chenye tina, na upake praima ya mbao saa hiyohiyo, kabla mafuta hayajapanda tena. Usipake uso wa gurudumu unaogusa reli, brekipadi, wala vikombe vya grisi.

Hewa ya Kisumu hudanganya asubuhi. Pitisha kitambaa chenye maji juu ya chuma; alama ikikauka ndani ya dakika 10 hadi 15, paka. Isipokauka, umande bado unashuka, na rangi itafanya ukungu mweupe. Maliza kabla ya saa saba, maana ngurumo za ziwani huja alasiri, na bati lililopigwa na jua la mchana hukausha ngozi ya juu huku chini kukiwa kibichi, kisha malengelenge. Usifanye kazi usiku chini ya taa: wadudu wa ziwani watajaa kwenye rangi mbichi kama ufuta kwenye mkate. Nakuru adui ni vumbi la Januari na Februari, kwa hiyo mwagia sakafu maji. Timboroa na Mau Summit ni baridi, saa 24 kati ya mikono hazitoshi. Ukucha ukiacha alama, ngoja.

Kuandika

Piga mstari wa chaki kwa uzi, upake mgongo wa karatasi ya kalki chaki, uibandike kwa vipimo ulivyoandika, upitie herufi kwa penseli. Jaza kwa brashi ndefu laini, mkono ukiegemea kijiti. Stensili tumia pale tu ulipoona mapengo ya stensili kwenye herufi za zamani. Na kama mwandishi wa kwanza aliipandisha R juu kidogo ya wenzake, ipandishe vilevile.

Acha kiraka kimoja cha matabaka, sentimita 10 kwa 10, bila kukifunika, ndani ya sanduku la vifaa. Kando yake andika namba ya rangi, aina yake, na mwezi na mwaka wa kazi.